Leo Kameza Nini

Jumatatu, 8 Mei

Daftari hili Mama alilinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja wake. Akaona mistari imebanana mno kwa macho yake, akanipa mimi. Kurasa mbili za mwanzo zimejaa viuno na mabega ya watu. Naanzia hapa, chini ya mteja mmoja mwenye kifua cha inchi arobaini na nne ambaye hajui kwamba tunaishi ukurasa mmoja.

Muhula umefunguliwa. Mwalimu wa lugha katangaza kwamba wiki ya mwisho kutakuwa na mtihani wa kuzungumza: dakika tano, mbele ya darasa zima, bila karatasi mkononi. Atakayeanguka asahau darasa la lugha mwakani. Zamani ningefurahi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma habari kila Ijumaa asubuhi mbele ya shule nzima, na darasa la lugha ndilo kitu pekee ninachokitaka hapa. Sasa hata kupiga mwayo napiga huku nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Jumanne, 9 Mei

Mvua. Paa la darasa linavuja palepale linapovuja siku zote, na ndoo ni ileile.

Ijumaa, 12 Mei

Haya, niseme.

Wiki tatu kabla ya kufunga muhula uliopita nilikuwa na homa, nikalala darasani. Nililala vibaya, kichwa nyuma, mdomo wazi. Mtu akanipiga picha. Kiranja wa darasa letu, binti anayejua kila kitu kuhusu simu, akaichukua ile picha akaweka basi linaingia mdomoni mwangu. Basi zima na abiria wake. Kesho yake akaweka kabati la walimu. Keshokutwa akafungua kikundi, akakiita "Leo Kameza Nini". Kila siku ya shule picha moja. Likizo walipumzika, kama watu wenye ajira.

Darasa letu tuko thelathini na wanane. Kikundi kina thelathini na sita. Waliokosekana ni mimi na yule mmoja ambaye hana simu.

Nazipataje? Jirani yangu wa dawati ananirushia. Hapa nitamwita Rafiki, maana ndivyo anavyojiita mwenyewe. "Nakutumia ili ujue tu, mwenzangu," anasema. "Mimi wala sicheki." Asante sana, Rafiki. Bila wewe ningelala vizuri.

Mwalimu wa lugha naye aliwahi kuiona moja, ile ya mwalimu mkuu na gari lake. Alimnyang'anya mtu simu, akaitazama, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi, akairudisha simu.

Na tatizo ni hili. Zinachekesha. Ile ya basi ina dereva anachungulia dirishani kama mtu aliyepotea njia. Niliiona nikiwa chooni, nikacheka. Nikalia. Halafu nikaiangalia tena.

Jumapili, 14 Mei

Nimemwonyesha Mama.

Alikuwa anapinda sketi, pini tano zimebanwa midomoni. Nikamwekea simu mbele ya macho. Aliangua kicheko pini zikamwagika mapajani. "Dereva huyo! Mungu wangu, dereva huyo!" Ndipo akaangalia vizuri. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaokota pini moja moja. Akaniambia ni utani wa watoto, nisiwaonyeshe kwamba naumia, watachoka wenyewe. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Lakini nilipotoka nikasimama nyuma ya pazia, nikamsikia anacheka tena, taratibu, kwa pua, huku cherehani ikienda.

Sijamwambia kwamba nilimsikia.

Jumatano, 17 Mei

Leo nimemeza tangi la maji la shule.

Jumatatu, 22 Mei

Kumekucha! Wamekuja watu wa filamu, na magari mawili, taa, masanduku na mwavuli mkubwa kuliko chumba chetu. Mwongozaji wao, mzee wa makamo mwenye kofia asiyoivua hata kivulini, alisimama mbele yetu sote akasema wanatengeneza filamu kuhusu vijana wanavyoonewa kwenye mitandao, na kwamba wataipiga hapa shuleni kwetu muhula mzima. "Tumechoka na filamu za uongo," akasema. "Tumekuja kuusema ukweli."

Kiranja ndiye aliyewapa maua. Sawa.

Pembeni alikuwepo mwandishi wa hadithi yao, dada mmoja mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Akaweka sanduku mlangoni mwa maktaba. Yeyote aliyeonewa aandike karatasi, asiweke jina, na yeye atazisoma zote. Nilimtazama akiligonga lile sanduku kuhakikisha limesimama vizuri, nikajikuta nampenda. Wakiisema filamuni, mbele ya watu wazima, haitakuwa utani tena. Watafunga kile kikundi kwa aibu. Nami nitaweza kusimama mbele ya darasa.

Alhamisi, 25 Mei

Kurasa nne. Nimeorodhesha picha zote ishirini na tisa, na tarehe zake. Nimekunja karatasi hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, nikaitumbukiza sandukuni wakati wenzangu wako mstari wa chakula.

Ijumaa, 2 Juni

Wamechagua waigizaji. Anayeonewa, binti mpole asiye na kosa, ataigizwa na nani? Kiranja.

Eti ana uso unaopokea mwanga. Mwongozaji alimwambia alie kidogo, akalia papo hapo, chozi moja, jicho la kushoto, likateremka polepole kama limetumwa. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa lugha akafuta macho.

Mimi nimo pia, jamani, msinisahau. Ni mmoja wa wale wanaosimama ukumbini kumcheka. Tulijaribu mara mbili. "Wewe wa pembeni," mwongozaji akaniita, "mkono chini. Cheka kwa kufungua mdomo." Nyuma yangu mtu akapiga chafya ya kicheko. Sikushusha mkono. Wakanipeleka nyuma kabisa, karibu na ndoo.

Jumanne, 6 Juni

Leo nimemeza kamera na mwavuli wake.

Jumatano, 14 Juni

Wiki nzima mvua haijakatika. Leo walipaswa kumpiga picha Kiranja akitembea mvuani baada ya kusoma ujumbe. Basi wakasubiri mvua ikatike, ndipo wakaleta mpira wa maji na kumnyeshea. Niliuliza kwa nini. Yule wa taa akanijibu, bila dharau, kwamba mvua ya kweli haionekani vizuri kwenye kamera.

Nikakaa kwenye ngazi nikaangalia kazi yote. Ujumbe wa simu utaandikwa hewani kando ya kichwa chake, herufi kubwa, kila mmoja na mlio wake: ting! Wewe ni takataka. Ting! Hakuna anayekupenda. Kila sentensi imeanza kwa herufi kubwa na kumalizika kwa nukta. Mwonevu aliyezitunga ni mmoja, ana hereni na gari la baba yake. Kiranja anasoma, anatetemeka, anaitupa simu kwenye dimbwi.

Simu ya laki na kitu, anaitupa! Mimi nikiitupa yangu Mama atanifuata nayo hadi kaburini. Na yangu haina mlio. Niliuzima zamani. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni takataka. Wananisalimia vizuri tu, wananiazima rula, halafu wanauliza, "Umeshiba?"

Alhamisi, 15 Juni

Mwandishi alikaa na sisi wa nyuma kabisa wakati wa mapumziko, akala mkate wake. Akasema katika karatasi zote sandukuni kuna moja iliyomkosesha usingizi, ya mtoto ambaye kila siku anawekewa kitu mdomoni. "Ndiyo iliyo ya kweli kuliko zote," akasema. Mwenye kuijua asijifiche, amtafute.

Tulikuwa tisa pale. Wanane wakaangalia viatu vyao. Nami nikaangalia vyangu.

Akaendelea, kama anayejisemea. Amemwomba mwongozaji aiweke, mwongozaji kakataa. "Ananiambia inachekesha. Watazamaji wakicheka tumekwisha. Anataka kitu kinachoumiza." Nilitaka kumwambia, dada, ndiyo inavyoumiza. Maneno yakafika kwenye meno yakarudi.

Rafiki akamwambia, "Pole sana, dada. Watu wana roho mbaya." Na mkate wake anatafuna.

Jumatatu, 26 Juni

Leo nitaandika yote.

Mwandishi ameshinda. Picha moja tu ya mtoto aliyelala mdomo wazi itaonekana filamuni kwa sekunde nne. Asubuhi wakaweka dawati ukumbini, taa mbili, sisi wa kucheka tukapangwa ukutani. Kiranja akaambiwa akae, aegemeze kichwa nyuma, afumbe macho, afungue mdomo.

Akakaa. Akaegemea. Akafumba macho. Mdomo haukufunguka.

"Fungua, mwanangu," mwongozaji akasema.

Kiranja akafumbua macho. "Siwezi."

"Unaogopa nini? Ni picha tu."

"Nitaonekana vibaya. Halafu mtu ataichukua, itazunguka, haitafutika tena." Sauti yake haikuwa ya kuigiza. Chozi halikutoka, macho yalikuwa mekundu tu na uso umevimba, wala haukupokea mwanga wowote. "Tafadhali, baba. Nitafanya kingine chochote."

Kumbe anajua. Ndicho nilichokifikiria pale ukutani. Siku zote hizi nilijiambia labda hajui, labda kwake ni mchezo, mtu akimweleza ataelewa. Anajua kila kitu, mpaka senti ya mwisho.

Na mwongozaji, mtu mwema, akaelewa mara moja. Akamwekea mkono begani. "Basi, basi. Hatumlazimishi mtu. Tutampiga picha mwingine, uso tutauficha kidogo." Akatugeukia sisi wa ukutani. "Nani anaweza kutusaidia? Dakika moja tu."

Shingo ziligeuka, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa zimenielekea mimi. Rafiki akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda, si wewe umezoea?" Na walioko nyuma wakavunjika mbavu.

Nilienda. Sijui miguu ilinipelekaje. Nilisimama mbele ya mwongozaji nikatoa simu. Mkono mmoja juu ya mdomo, nikasema, "Picha mnayoitafuta ipo tayari. Hii hapa." Ilikuwa ile ya basi.

Aliichukua simu, akaisogeza mbali kama watu wa umri wake wanavyofanya, akatazama.

Akacheka.

Haikuchukua hata sekunde mbili. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyefurahi. Kisha akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Kati ya wenzangu, mtu pekee ambaye hakucheka wala kutabasamu alikuwa Kiranja, kwa hofu.

Mwandishi alikuja akanishika mikono. "Ni wewe? Zile kurasa nne ni zako?"

Mwongozaji akavua kofia, mara ya kwanza nimeona kichwa chake. Nikadhani anataka kuniomba radhi. Akamwambia mwandishi, kwa sauti ya chini, "Unaona? Ndiyo maana nilisema watacheka."

Jumanne, 27 Juni

Mwalimu wa lugha ndiye msimamizi wa shughuli ya filamu kwa upande wa shule. Akaniita ofisini. Akanipa kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kasema wamesikitika wote. Kasema kikundi kitafungwa leo. Kasema Kiranja ataadhibiwa, ila si sasa, kwa kuwa zimebaki siku tisa za kumpiga picha na hawawezi kumvuruga. "Filamu hii itawasaidia watoto wengi sana. Na wewe ni mmoja. Unanielewa?"

Ninamwelewa. Hesabu naijua.

"Na mtihani?" nikauliza.

"Mtihani uko palepale. Jikaze."

Kikundi kilifungwa saa tisa. Saa kumi kikafunguliwa kingine, jina lilelile, watu thelathini na wanne. Wawili hawakurudi. Sijui ni akina nani, nami ningependa kujua. Rafiki hayumo kati yao, kwa sababu saa kumi na robo alikuwa ameshanirushia picha: nimemeza ofisi.

Alhamisi, 29 Juni

Jua.

Ijumaa, 7 Julai

Leo nimesamehewa.

Ni onyesho la mwisho. Anayeonewa anasimama jukwaani, mbele ya wote waliomcheka, anashika kipaza sauti. Wote wanalia. Anasema: "Mliniumiza. Lakini nimewasamehe wote." Mwonevu mwenye hereni anapanda jukwaani, wanakumbatiana. Mpiga kinanda ataongezwa baadaye.

Sisi tuliomcheka tulikaa viti vya mbele. Kiranja akasema maneno yake akiangalia juu ya vichwa vyetu. Mwongozaji akasimamisha kazi. "Mtazame mtu mmoja. Chagua mmoja, mwambie yeye." Basi akanichagua mimi. Sijui kwa nini. Labda mimi ndiye nilikuwa katikati. Labda alitaka nione kitu machoni mwake, na huenda kilikuwepo, lakini taa zilikuwa upande wake, sikuona.

"Mliniumiza. Lakini nimewasamehe wote."

Mara ya kwanza mtu alikohoa. Mara ya pili taa ilizimika. Mara ya tatu mwongozaji alitaka kituo kabla ya "lakini". Mara ya nne akapata alichokitaka, wakapiga makofi, na sisi tukaambiwa tupige pia.

Kiranja amenisamehe mara nne kwa siku moja. Mimi sijaombwa radhi hata mara moja.

Jumamosi, 15 Julai

Kabla ya kuondoka wamewaonyesha wazazi vipande walivyokwisha kuviunganisha, robo saa, ukutani mwa ukumbi. Picha ya mdomo haimo. Mwandishi alikuja kuniambia yeye mwenyewe, nampa haki yake. Alisema alipigana. Alisema hadithi yangu imo "kwa roho yake". Nikamwitikia kwa kichwa.

Mama alivaa gauni lake la kijani. Alilia kuanzia dimbwi mpaka kwenye msamaha, kitambaa kililowa. Tukiwa njiani kurudi akanishika mkono, jambo alilokuwa ameliacha tangu nikiwa mdogo.

"Yule mtoto masikini! Na mama yake hana habari! Ingekuwa ni wewe ungeniambia, si ndiyo, mwanangu?"

Nikamtazama nione kama anatania. Hatanii. Amesahau kabisa.

"Ndiyo, Mama."

Jumatano, 19 Julai

Mwalimu wa lugha kaandika mada ubaoni, moja kwa wote: "Filamu imenifunza nini?" Wenzangu walipita mbele kwa zamu, wote na somo moja, tupendane, tusitumie mitandao vibaya. Kiranja alipata makofi. Rafiki alisema yeye binafsi daima husimama upande wa wanyonge.

Nilikuwa wa ishirini na tatu. Nilisimama mbele na mkono wangu mdomoni. Mwalimu akasema, "Mkono chini, saa inakwenda." Mtu nyuma akanong'ona, "Ana shibe." Nikapiga moyo konde nikaushusha mkono.

Nikasema filamu imenifunza kwamba anayeonewa sharti awe mzuri, na chozi lake litoke jicho moja. Kwamba ana chumba chake peke yake cha kulilia. Imenifunza kwamba mwonevu ni mmoja. Mimi ninao thelathini na sita, sasa thelathini na wanne, na mmoja wao ananiazima rula. Imenifunza kwamba matusi yana nukta mwishoni, na kwamba watu wazima wakiyaona huogopa. Mimi watu wazima watatu waliona picha yangu, na wote watatu walicheka, na mmoja wao yuko humu anashika saa. Nikasema sitoi lawama, zinachekesha, hata mimi nilicheka. Lakini msiniambie mnaijua. Mliwekewa mvua ya mpira mkailia, na ya kweli ilikuwa inawanyeshea.

Sikuziba mdomo hata nilipovuta pumzi. Nyuma niliona simu imeinuliwa chini ya dawati. Nikaendelea hadi mwalimu akagonga meza.

Ijumaa, 21 Julai

Ripoti imetoka. Mtihani wa kuzungumza: kumi na tisa kati ya hamsini. "Lugha nzuri. Ametoka nje ya mada." Darasa la lugha sitaliona mwakani.

Mama alikuwa anakata kitambaa. Akaisoma ripoti mara mbili, pini zimebanwa midomoni.

"Mada ilikuwa nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulisema nini?"

Basi nikasimama katikati ya vitambaa nikamwambia yote, tangu mwanzo, kama nilivyosema darasani. Nilipofika kwa watu wazima watatu sikuruka. Nilimwambia yeye ni wa kwanza. Nilimwambia kuhusu pazia.

Alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Hakusema ni utani. Akaweka mkasi mapajani, akasema, "Dereva yule."

"Ndiyo."

"Nilicheka."

"Mara mbili, Mama."

Simu ikawaka. Rafiki, nani mwingine. Picha ya leo. Mama akanyoosha mkono, nikampa. Ilikuwa mimi mbele ya ubao, mdomo wazi kabisa, meno yote nje. Chini yake thelathini na wanne wameiona, na hakuna aliyeandika neno.

Mama aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta cha kuchekesha.

"Hapa wamekuwekea nini mdomoni? Mbona sikioni?"

"Hawajaweka kitu, Mama. Hapo nilikuwa naongea."